Zamu ya Kufua ya Mama

Harufu ya sabuni ya unga na joto la mashine za kukaushia nguo hunirudisha mtaa wa Husby, Uswidi, kwenye chumba cha kufulia chini ya jengo letu, nilipokuwa na miaka kumi. Nyumba zilikuwa za manispaa. Ukutani palikuwa na ubao wa ratiba, na kila familia ilikuwa na kufuli yake ndogo. Ukishaitundika kwenye saa zako, hakuna wa kukuingilia. Waswidi husamehe mengi, lakini si kuporwa zamu ya kufua.

Majira yale ya baridi ilikuja barua ya ofisi ya nyumba, nikamtafsiria Mama: majiko na mabomba yatabadilishwa, kodi itapanda, tutie saini kukubali. Kwa mshahara wake wa kutunza wazee, hiyo ilikuwa na maana ya kuhama. Bomba letu lilikuwa likivuja kwa miaka, akaripoti mpaka akachoka. "Ufa hawakuuziba," alisema, "sasa ukuta tujenge sisi?" Jirani yetu Mama Furaha, Mkongo mpole, alitaka kutia saini yaishe. "Mwenye nguvu mpishe, dada." Mama akamuuliza, "Nimpishe niende wapi?"

Wapangaji walitaka kukutana, lakini ukumbi wa jengo ulifungwa, na ofisi ya nyumba ikadai ufunguo haupatikani. Basi Mama akatundika kufuli yake kwenye alasiri ya Alhamisi, akawaita majirani wote. Wakaja na vikapu, vingine vya nguo safi kabisa, wakabanana kati ya mashine. Msimamizi wa nyumba akatokea, akasema pale si mahali pa mikutano. Mama aliendelea kukunja shuka. "Mwambie hii ni zamu yangu mpaka saa kumi na moja. Hawa wananisaidia kufua." Nilitafsiri. Msimamizi akautazama ubao, akaitazama kufuli, akatoka. Wa kwanza kuandika jina kwenye barua ya kukataa alikuwa Mama Furaha. Tulivutana na ofisi mwaka mzima. Mwishowe wakatengeneza mabomba tu, na hakuna aliyehama.

Leo naishi Upplands Väsby. Ratiba ya kufua iko kwenye simu, na majirani tunasalimiana kwa kichwa. Juzi nililetewa barua kama ile, safari hii ya kubonyeza tu kukubali. Rafiki zangu wanasema zama zimebadilika, nisijisumbue. Nimekasirika, na sioni haya kusema hivyo. Nimebandika tangazo kwenye lifti: Alhamisi alasiri, njooni na vikapu. Nimempigia Mama, ambaye bado anapika kwenye jiko lile lile la Husby. Hakuniuliza kama naogopa. Aliuliza, "Zamu umeshika?"

Nimeshika, Mama.