Nilifuta function "isiyotumika", mfiwa akatoka matangani na jembe

Wakuu, salamu kutoka Kaloleni, Voi, ambako joto la leo halisikii feni wala dirisha.

Hii ninayowaletea sikuambiwa na mtu. Ilinitokea mimi, na mkosaji ni mimi, kwa hivyo sina faida yoyote ya kuwadanganya. Itakuwa ndefu kidogo, vumilieni.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina cyber hapa mtaani, na pembeni naandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python. Chuo kikuu sikukanyaga. Nilijifunza kwenye simu, halafu kwenye laptop ya mkono wa pili ambayo herufi "e" ilikuwa imeng'oka.

Na niseme bila kujifanya mnyenyekevu: kazi yangu naijua. Faili la Excel likishawashinda watu wa maofisi, linaletwa kwangu.

Nyumbani kwetu ni juu milimani, upande wa Wundanyi. Huko kuna mfereji wa maji wa kikundi. Wanachama ni ishirini na wanne, kila mmoja ana zamu yake ya kumwagilia shamba. Zamani zamu zilikaa kwenye daftari la mwenyekiti wetu, Mwalimu Righa, ambaye ni mwalimu mstaafu. Kila wiki ilikuwa vita. Huyu anasema leo ni yake, yule anasema alirukwa, daftari nalo limelowa.

Nikawaandikia script, programu fupi ya kupanga zamu.

Kila Jumapili baada ya ibada, Mwalimu ananitumia orodha ya majina kwa WhatsApp. Mbele ya kila jina ameandika neno moja, "kawaida" au "msiba". Script inasoma neno, inatafuta function, yaani kipande cha code, yenye jina hilohilo, inafuata maagizo yake, kisha inatuma SMS.

Kumbukeni hapo: inatafuta kwa jina. Hakuna mahali kwenye code nimeandika wazi kwamba "sasa ita msiba". Niliona huo ni ujanja mkubwa sana. Wakitaka neno jipya kesho, naongeza function moja tu na maisha yanaendelea.

Sheria ya kawaida ni kali. Unatumiwa SMS ya siku na saa yako, na usipofika ndani ya nusu saa ya kwanza, maji yanaenda kwa anayefuata.

Ya msiba ni tofauti kabisa. Kwenye kikundi chetu mfiwa hashiki jembe mpaka matanga yaishe. Zamu yake haiguswi. Majirani wake wawili wanaambiwa wakammwagilie, na yeye hatumiwi kitu, asisumbuliwe hata na mlio wa simu. Haijaandikwa kwenye katiba ya kikundi, na sijawahi kusikia mtu akiivunja.

Tumshukuru Mungu, neno hilo lilikuwa halijatumika kwa miezi mingi.

Sasa tuje kwenye update.

Ijumaa moja extension yangu ya Python, kiongezo cha kunisaidia kwenye editor ninayoandikia code, ikajisasisha. Wakuu, nilifurahi kama mtu aliyewekewa umeme. Juu ya kila function kumetokea maandishi madogo ya kijivu yanayokuambia imeitwa mara ngapi. Ukibadilisha jina mahali pamoja, linabadilika kwenye mafaili yote. Ukichanganya namba na maneno, unapigiwa mstari mwekundu kabla hata hujarun.

Halafu ile iliyonimaliza: code isiyotumika inafifia, balbu ndogo ya njano inawaka pembeni, unabonyeza mara moja na inafagia yote.

(Najua humu kuna wazee wa Notepad wanaosema extension ni za wavivu. Nyinyi endeleeni kufua kwa mikono, mimi mashine ninayo.)

Nikafungua script ya mfereji. Functions tano zimefifia, kila moja juu yake imeandikwa "0 references". Ya kwanza ilikuwa jaribio la zamani, takataka. Ya pili takataka. Ya tatu sikuisoma. Nilikuwa na mteja anasubiri passport photo, mkono uko kwenye mouse, na roho inataka code safi.

Na haki itendeke: extension haikunificha kitu. Ilinionyesha orodha ya vitu itakavyofuta, na chini ikaandika kwamba vitu vinavyoitwa kwa jina haiwezi kuviona. Nilibonyeza kukubali, vile tunavyokubali masharti ya app bila kusoma.

Nikarun kujaribu. Safi, hakuna kosa hata moja. Nikapiga screenshot nikaweka status.

Kwa nini hakukuwa na kosa? Kwa sababu ya ujanja wangu mwingine. Nilikuwa nimeiambia script kwamba ikikosa function ya neno fulani, isikwame, itumie tu ile ya kawaida.

Alhamisi iliyofuata mume wa Mama Wakesho akafariki. Mama Wakesho ni mwanachama wetu, shamba lake linapakana na la baba. Jumapili orodha ikaja, na mbele ya jina lake Mwalimu ameandika "msiba". Nililiona neno hilo kwa macho yangu. Nikasema pole moyoni, nikarun.

SMS ishirini na nne zikaenda. Ningekuwa na akili siku hiyo ningeshtuka, kwa sababu mfiwa hatumiwi na majirani wawili wanaongezewa, kwa hivyo ilitakiwa kuwa ishirini na tano. Sikuhesabu.

Jumanne, saa mbili kasoro asubuhi, Mwalimu Righa akapiga simu. Huyu ni mtu anayeanza na salamu za nyumba nzima, mpaka kuku. Siku hiyo hakusalimia.

"Umemwandikia nini huyu mama?"

Script ilikuwa imemtumia ujumbe kwamba zamu yake ni Jumanne saa moja asubuhi, na asipofika ndani ya nusu saa inapita. Kabichi zake zilikuwa zimeanza kufunga. Wiki hiyo zikikosa maji, ndiyo basi msimu mzima. Mwili wa mumewe ulikuwa bado mochari, maziko ni kesho yake. Mama akawaacha watu matangani, akajifunga leso, akashika jembe, akateremka mferejini.

Mwalimu aliniambia watu walimwona akipita na jembe mkononi. Alifungua maji akaanza kuelekeza kwenye mistari yake.

Nilifungua laptop. Sikuchukua hata dakika moja kuelewa. Nilitafuta neno "msiba" kwenye code yangu yote, na editor, kwa adabu zake zote, ikaniambia hakuna matokeo.

Wakuu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimewahi kukosea hesabu za watu na kupoteza faili la mtu. Hii ilikuwa nyingine.

Nilifunga cyber nikapanda Wundanyi. Nilipofika shambani, majirani walikuwa wameshamnyang'anya jembe kwa upole na kumrudisha nyumbani, na Mwalimu mwenyewe, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwa kwenye kabichi. Akanipa mstari wake niumwagilie.

Nilimaliza mstari, nikanawa, nikaenda kwa mfiwa.

Alikuwa kwenye mkeka na akina mama wengine. Nikakaa chini karibu naye. Njiani nilikuwa nimepanga kumwambia ni mashine iliyokosea, na kusema kweli ndivyo wengi wetu humu tungesema. Nilipomwona nikashindwa. Nikamwambia, mama, mashine ilinionya, ni mimi niliyefuta sehemu yenu nyinyi wafiwa bila kuisoma. Mnisamehe.

Alikunja pindo la leso.

"Kumbe hamkukaa," akasema.

Nikamwuliza hatukukaa wapi.

"Kikao. Nilidhani mmekaa mkaamua heshima ya msiba hainihusu. Nikasema, sawa, Baba Wakesho hayupo tena, basi hata mimi nitahesabiwa nusu saa."

Nililia pale mbele ya watu, na yeye mfiwa ndiye aliyenishika bega.

Kwa upande wa kazi, nilirekebisha siku hiyohiyo. Function niliirudisha kutoka Git, ghala la matoleo ya zamani ya code, na wewe usiyetumia Git mpaka leo sijui unategemea nini. Ule ujanja wa kutafuta kwa jina niliutoa. Sasa kuna orodha fupi, inayosomeka hata na Mwalimu, inayosema neno gani linaita nini. Na script ikikutana na neno isiyolijua, haijifanyi kujua. Inasimama na kuniuliza, na hakuna SMS inayotoka.

Extension bado ninayo, na bado naipigia debe. Ni nzuri, wakuu, iwekeni. Ilihesabu mara ambazo function inaitwa, na ilihesabu sawasawa. Kazi ya kujua nani anaihitaji ilikuwa yangu, mimi niliyezaliwa pale.

Juu ya "msiba" sasa pameandikwa "1 reference". Kila nikifungua faili lile, naangalia hapo kwanza.

Jumapili iliyopita, matanga yakiwa yameisha, orodha ilikuja, na mbele ya jina la Mama Wakesho Mwalimu ameandika "kawaida". Nilirun, nikahesabu SMS moja moja. Baada ya dakika chache simu yangu ikaita, ni yeye. Aliuliza jambo moja tu, kama SMS hii ya sasa ni yenyewe.

Nikamwambia ndiyo mama, hii ni yenyewe, na safari hii kikao tulikaa.

Akacheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu maziko. Akasema basi saa moja atakuwa pale.

Haya, wazee wa Notepad, najua mmeshika mawe, rusheni, niko hapa mpaka nifunge cyber. Lakini kabla hujaandika comment, fungua code yako, tafuta ile function ambayo haijaitwa mwaka mzima, kisha utuambie hapa chini: uliiandika kwa ajili ya nani?