Mfaransa Aliyepita Ndia Kuu Bila Kushuka

Niliondoka Vanga kwa sababu ya maneno ya mshona viatu mmoja. Aliniambia kwamba Mombasa yuko Mfaransa atengenezaye vyerehani, Gustavu, ambaye ujanani alikuwa akishindana kwa baiskeli huko kwao, akizunguka njia ya mbao iliyojengwa duara, watu maelfu wakimtazama. Ijumaa baada ya alasiri angezunguka tena, mara ya kwanza baada ya miaka minane. Chuoni niliacha kusoma mapema, lakini jambo la kujifunza kama hilo siwezi kuliacha linipite.

Nilikwenda kwa miguu. Usiku wa kwanza nililala Gazi, wa pili karibu na kivuko cha Likoni, na Alhamisi asubuhi nikavuka kwa mashua, nyayo zikiniwaka.

Katika mtaa wa Ndia Kuu nilimkuta Gustavu dukani pake, amekaa mbele ya cherehani kilichofunguliwa. Alinipa kahawa, akanionyesha baiskeli yake ya mashindano. Ni nyembamba, haina breki, na pedali zake hazitulii maadamu gurudumu lazunguka. Alianza kwa kupeleka mikate ya watu, akaja akawashinda mabingwa wa mji wao, mpaka alipoanguka akavunjika nyonga. Alisimulia bila furaha. Mzee Abudi, mwenye uwanja wa kuanikia nazi ambamo Gustavu alikusudia kuzunguka, alikuwa ameufunga asubuhi ile bila kutoa sababu, na Mombasa hakuna uwanja mwingine ulio sawa na mgumu kama ule.

Adhuhuri nilikwenda barazani kwa Mzee Abudi, papo hapo Ndia Kuu, alikokaa na wazee wenzake. Tulijuliana hali, za safari, za Vanga, mpaka za wazazi wangu waliokufa. Kisha akasema, "Rafiki yako juzi ametupita hapa kama tu mawe. Hata mpanda punda hushuka mbele ya baraza."

Nikamweleza kwamba ile baiskeli haina breki, na ndia pale yateremka. Asingeweza kusimama mpaka forodhani. Wazee walicheka, mmoja akamwaga kahawa yake. Mzee Abudi hakucheka.

"Na miguu yake, nayo haina breki?"

Nilipompelekea Gustavu maneno hayo, alishika kichwa. Alidhani kuinua kofia kulitosha.

Ijumaa asubuhi aliikokota baiskeli Ndia Kuu nzima, akisimama kila baraza. Mwendo aliouzoea wa dakika mbili ulimfikisha karibu na adhana ya adhuhuri, tumbo limejaa kahawa.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Mzee Abudi akamuuliza.

"Nilikuwa nikipita, mzee."

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Baada ya alasiri Gustavu alizunguka uwanjani. Mgongo ulilala, magurudumu yakavuma, na uso wake ukawa wa kijana. Kila alipofika mbele ya wazee, kwa kuwa hawezi kusimama, alisema, "Masalkheri." Wazee nao wakaitikia kila mzunguko, mpaka sauti zikawakauka.

Kurudi Vanga kumenichukua siku tano badala ya tatu. Mabaraza ya njiani ni mengi, nami nilipokwenda niliyapita yote.