Mwanamke Aliyekataa Kuzunguka

Niliinua mkono wa kushoto ili mwanamke azunguke. Akabaki palepale.

Nikadhani hajauona. Nikauinua tena, safari hii juu zaidi, kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Wapi! Ananitazama usoni kwa adabu zake zote, miguu yake inapiga hatua za msingi mahali pake, wala hana habari.

Watu hamsini wanatuangalia. Muziki unakwenda. Na mimi, bingwa niliyekuwa nikiitwa Kapteni ukumbi mzima, nimebaki na mkono hewani.

Subirini niwaeleze nilifikaje hapo. Kucheka ruhusa, mimi mwenyewe nilishazoea kuchekwa.

Kikazi, mimi naongoza malori kwenye ghala la saruji. Lori likija kushusha mzigo, nasimama nyuma na fulana yangu ya kung'aa, napunga mikono: njoo, njoo, kata kushoto, njoo, hapo! Madereva wenyewe wameingia kwenye ule uwanja mara elfu. Wengine wanarudi nyuma huku wanaongea na simu, hata hawanitazami. Mimi napunga, wao wanaegesha, na jioni narudi nyumbani nalalamika kwamba kuongoza kunachosha.

Sasa mtu wa namna hiyo akisikia kwamba kwenye salsa, ile dansi ya watu wawili wawili, kuna anayeongoza na anayefuata, unadhani atauliza yeye atakuwa upande gani?

Nilijiandikisha siku ileile, mimi na mke wangu, Mama Pacha.

Ukumbi wenyewe uko juu ya duka la rangi, kwa hiyo tulikuwa tunacheza huku tunanusa vanishi. Mwalimu ni mama mmoja mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Tulimwita Mama Hesabu, maana akianza "moja, mbili, tatu... tano, sita, saba" alikuwa haachi mpaka mtu aombe maji.

Mama Hesabu alikuwa na sheria moja. Wimbo ukiisha, mnabadilishana wenza. Unaanza na mkeo, unahamia kwa muuguzi, unahamia kwa mama wa duka, mpaka mzunguko umalizike.

Mimi nikagoma.

"Mwalimu, mimi na mke wangu tunatoshana."

"Mtoshane nyumbani kwenu. Hapa mmekuja kujifunza."

"Sikuoa ili nimgawe mke wangu kwa wimbo mmoja mmoja, mwalimu."

Watu wakacheka. Mimi nikajua wanacheka pamoja nami. Mama Pacha hakucheka, alisema tu, "Sawa, baba," kwa ile sauti ambayo mwanamume mwenye akili angeishtukia. Mimi sikuishtukia.

Basi, miaka mitatu tukacheza sisi kwa sisi.

Na jamani, tulicheza! Nikiinua mkono, Mama Pacha keshazunguka. Nikiwaza kumpitisha upande wa pili, keshapita. Kuna siku nilisahau kabisa hatua inayofuata, nikasimama tu, na bado ikatokea!

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza imetokeaje. Mimi nikasema hiki ni kipaji.

Wakaanza kuniita Kapteni, nami nikavimba. Nikawa nawashauri wanaume wenzangu bila kuombwa. Kulikuwa na kinyozi mmoja mwenye miwani, mpole, ambaye wanawake walikuwa wanampotea mikononi kila wimbo. Nikamvuta pembeni.

"Kaka, tatizo lako huna mamlaka mkononi."

"Mamlaka?"

"Mamlaka. Nitazame mimi."

Maskini akanitazama miezi kadhaa, akazidi kuharibika.

Mama Hesabu naye hakuchoka kutuambia jambo lilelile. "Kuongoza si kuvuta mkono wa mtu. Unamfungulia njia kabla hajafika, halafu unamsubiri aione. Na wewe unayefuata, usikisie! Usiposikia kitu, usifanye kitu."

Muda wa mafundisho hayo ndio uliokuwa muda wangu wa kufunga kamba za viatu.

Mwaka huu nyonga ya Mama Hesabu ikagoma. Daktari akamwambia achague, kufundisha au kutembea. Akatutangazia kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi atatupima wote, na atamteua mtu wa kumwachia darasa. Yeye angekaa kwenye kiti ahesabu mpaka huyo mtu akomae.

Hapa naomba niseme kweli tupu. Nililitaka lile darasa kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Ghalani hakuna anayejua jina langu, wananiita "wewe wa fulana". Nafasi ya usimamizi nimeiomba mara mbili, mara zote wamepewa wengine niliowafundisha kazi mimi. Juu ya duka la rangi ndipo mahali pekee ambapo nikiingia, watu wanageuka. Nilitaka mtu aniite mwalimu kabla sijazeeka.

Kwa hiyo nikafanya yale ambayo mtu mwerevu hafanyi. Nikatangaza. Nikamwambia bosi, nikawaambia majirani, nikamwambia shemeji yangu, mdogo wake Mama Pacha.

"Lakini shemeji, si hamjapimwa bado?"

"Hiyo ya kupimwa ni utaratibu tu, shemeji."

Nikachapisha na fulana nyeusi, mgongoni imeandikwa MWALIMU kwa herufi za dhahabu.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Mama Pacha alikuwa anasugua sufuria ambayo ilishatakata zamani.

"Baba Pacha, hivi tukifanya mazoezi na watu wengine kidogo?"

"Ya nini?"

"Basi tu. Tuzoee mikono mingine."

"Mke wangu, samaki hafundishwi kuogelea."

Akaendelea kusugua. Nilimwonea huruma, nikadhani ana woga wa jukwaa.

Jumamosi ikafika, saa tisa alasiri, ukumbi umejaa ndugu na marafiki. Shemeji yupo mstari wa mbele na simu yake, anarekodi. Mimi nimevaa ile fulana, nimeifunika kwa koti ili nikishatangazwa nilivue kwa mbwembwe. Joto lile, koti! Lakini raha ina gharama zake.

Mama Hesabu akaingia na fimbo yake ya kutembelea, mkono mwingine ameshika bakuli la vikaratasi.

"Leo hakuna anayecheza na wake. Wanaume chukueni namba. Kapteni, na wewe pia."

Nikachukua. Ikawa namba ya Fundi Cherehani, mama mmoja mkimya anayeshona sare za shule. Alikuwa na mwaka mmoja pale, na sikumbuki kama nilishawahi hata kumsalimia vizuri. Mama Pacha akaangukia kwa kinyozi.

Nikamhurumia Fundi. Nikamwinamia nikamwambia, "Usiogope, mama. Wewe nifuate tu."

"Haya," akasema.

Akafanya hivyohivyo. Alinifuata, ndiyo ikawa balaa langu.

Hatua za msingi zikaenda vizuri, kwa sababu hata kuku ukimhesabia vizuri ataziweza. Ndipo nikainua ule mkono.

"Zunguka!" nikamnong'oneza.

"Hujaniambia."

"Si nimeinua mkono?"

"Mkono umeuinua, lakini umechelewa. Tena kifua chako kinaniambia nibaki."

Kifua! Miaka yote hiyo sikujua kina mdomo.

Nikaamua kumpitisha upande wa pili. Nikamvuta kwa mamlaka yangu yote. Akaja kweli, bila ubishi. Shida ni kwamba nilikuwa nimesimama palepale alipotakiwa kupita. Bega lake likanipata kifuani, nikarudi nyuma hatua mbili nikakohoa.

"Pole," akasema. "Ila nipite wapi, kaka? Umesimama mlangoni."

Mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Kapteni, maji yanaingia!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nilimwona shemeji amesogeza simu karibu ili asikose kitu.

Nilitamani sakafu ipasuke nianguke kwenye makopo ya rangi. Nikageuka kumtafuta mke wangu kwa macho, angalau nione uso mmoja unaonipenda.

Nikaona makubwa zaidi.

Mama Pacha alikuwa anazunguka. Kinyozi hajainua kitu, yeye anazunguka. Kinyozi anajaribu kumtuliza, yeye keshapita upande wa pili.

"Mama, subiri!"

"Nasubiri!" akajibu, akiwa kwenye mzunguko wa tatu.

Katika kusubiri huko, kiwiko chake kikafagia miwani ya kinyozi. Miwani ikaruka, ikatua sakafuni, na mwenza wa mtu mwingine akaikanyaga. Krak!

Mama Hesabu akagonga fimbo. Muziki ukazimwa.

"Yatosha. Nimeshampata."

Mnajua binadamu alivyo? Baada ya yote hayo, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye zipu ya koti.

"Darasa namwachia Fundi Cherehani."

Nikaipandisha zipu mpaka kidevuni.

"Mwalimu!" nikapiga kelele, maana aibu ikizidi mtu huwa jasiri. "Huyu hata kuzunguka hakuzunguka!"

"Ndiyo sababu."

"Ndiyo sababu nini? Mwalimu si anatakiwa kuongoza?"

"Nani alikwambia nilikuwa napima wanaoongoza?" Akajiegemeza kwenye fimbo. "Wanawake wa darasa hili wana huruma kupita kiasi. Mwanamume akikosea, wanamsaidia. Wanazunguka bila kuzungushwa, yeye anaondoka hapa anajisifu. Huyu peke yake mguu wake haujui kudanganya. Ukimwongoza vizuri, mtafika naye popote. Ukikosea, anabaki palepale anakutazama. Mnataka mwalimu wa aina gani tena?"

Fundi Cherehani mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Jamani, mwalimu, mimi nilijua nimefeli! Nilisema leo nimemwaibisha baba wa watu."

"Hukumwaibisha. Alikuja tayari ameaibika."

Sikuaga. Mama Pacha akanifuata kwenye ngazi, tukatembea hadi nyumbani, mimi jasho linanitoka ndani ya koti nisilothubutu kulivua barabarani.

Mlangoni nikashindwa kuvumilia.

"Miaka mitatu umenivisha kilemba cha ukoka."

Akakaa kwenye kochi, akavua viatu, akalia. Sikutegemea kilio, nilijiandaa kwa kicheko.

"Siku ya kwanza kabisa uliinua mkono ukachelewa," akasema. "Nikaona uso wako unaanza kuanguka. Ilikuwa wiki ileile waliyokunyima usimamizi mara ya pili. Nikazunguka tu. Ukacheka, Baba Pacha. Ulikuwa hujacheka siku ngapi? Nikasema kesho nitaacha. Kesho ikafika, nikazunguka tena."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia tucheze na wengine. Ukaniletea habari za samaki."

Nikakaa kando yake, koti bado liko mwilini.

"Na mimi nimeharibika," akaendelea. "Leo nilikuwa nataka kusubiri, kweli tena. Mwili ukakataa. Nimezoea kukisia unachotaka mpaka nimesahau kusikiliza. Nimemvunjia mtu wa watu miwani."

Nilikuwa nimepanga kukasirika angalau wiki mbili. Hasira yote ikaniishia palepale, nikaona haya. Mimi nilikuwa sijui kuongoza, yeye alikuwa hajui tena kufuata, na kila mmoja alimfikisha mwenzake hapo kwa nia njema.

Tukasogeza meza. Pacha wakachungulia, wakaona baba na mama wamesimama katikati ya sebule wameshikana mikono bila muziki, wakarudi chumbani kwao.

"Usinisaidie," nikamwambia.

"Sikusaidii."

Nikainua mkono. Akabaki. Nikamvuta, tukagongana. Akataka kupita mwenyewe, nikamwambia subiri, akang'ata mdomo wa chini akasubiri. Nilimwona anavyoteseka kusubiri. Tukahesabu, tukakosea, tukahesabu tena.

Baada ya muda mrefu nikakumbuka yale maneno ya wakati wa kamba za viatu. Nikahesabu moja, mbili, na kwenye tatu nikahamisha mguu wangu wa kushoto pembeni, nikageuza kifua, nikampisha. Mkono sikuuvuta kabisa.

Akapita.

Alipita polepole, anashangaa kama mimi. Miaka kumi na moja ya ndoa, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza mke wangu kwenda mahali kwa sababu nilimpa nafasi.

Kinyozi nimemnunulia miwani mpya, na nimemwomba asahau kila nilichowahi kumfundisha. Jumatano nimejiandikisha upya, darasa la wanaoanza. Mwalimu Fundi Cherehani amenipanga upande wa wanaofuata, anasema nikishajua inavyokuwa kuvutwa hovyo, nitaacha kuwavuta wengine. Nabadilishana wenza kila wimbo. Mama Pacha pia, na sijafa.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema chochote kuhusu anayemchelea mume, labda na wao walikuwa na wake wenye huruma.

Kwa hiyo wewe kaka unayesoma hapa, unayejigamba kwamba nyumbani kwako ukiinua kidole tu kila kitu kimeshatendeka, hongera sana. Leo mwombe mama watoto asubiri kidogo kabla hajakutii, uone kama uliwahi kusema kitu chochote.