Bunduki Iliyopakwa Samli

Werema wa Suguti alikuwa mtu wa kupenda kupita kiasi. Aliwapenda ng'ombe wake, alimpenda mkewe Wankyo, na kijiji chetu cha ujamaa kilipomkabidhi bunduki ya kufukuzia viboko, akaipenda kuliko wote. Kila jioni aliipaka samli, kuanzia kitako hadi mdomo wa mtutu, kama anayetunza ndama. Ikanukia vizuri sana. Ila haikupiga kitu.

Risasi zote zilienda kushoto. Werema, kwa akili zake, akazoea kulenga kulia kwa kiboko, na kila siku kulia zaidi. Viboko wakala mahindi ya kijiji, wakaja wakala na yangu, na mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hasira. Mwenyekiti Magesa akachoka.

“Ndugu Werema, ukikosa tena, bunduki anapewa jirani yako Alfonsi.”

Werema akarudi nyumbani akalia waziwazi.

Wankyo, ambaye alikuwa hajaonja samli tangu bunduki iingie nyumbani, akaishika darubini ya kulengea iliyofungwa juu ya bunduki. Ikacheza mkononi.

“Baba Machage, hii kitu inateleza! Unapakaga samli mpaka ndani ya pete zake, itatuliaje?”

Wakaifungua. Samli ilijaa kwenye pete zinazoshika darubini, tena ilikuwa imeganda kati ya mtutu na mbao, ikiusukuma mtutu upande. Wakasugua yote kwa mafuta ya taa, mpaka karatasi ikapita chini ya mtutu bila kukwama. Kisha Werema akakaza skrubu kidogo kidogo. Akachungulia kwa nyuma kupitia mtutu mtupu, na alichokiona huko akakitafuta kwenye darubini mpaka vikalingana. Alichokiona ni pipa la maji la Mwenyekiti, maana lilikuwa jeupe.

Asubuhi kiboko akatoka ziwani, akasimama kwenye mahindi, na kulia kwake ndipo lilipokuwa lile pipa. Kijiji kizima tukaja kutazama. Werema akalenga, akafyatua. Pipa likatoboka katikati kabisa. Kiboko akatimua mbio kurudi majini.

“Ulikuwa unalenga nini wewe?” Magesa akafoka, maji yakimlowanisha miguu.

“Pipa, Ndugu Mwenyekiti. Nilishazoeaga kulenga kulia.”

Magesa akatia kidole kwenye tundu, akakubali kwamba bunduki imepona. Ikabaki kwa Werema, kwa sharti kwamba Wankyo asimame ubavuni kwake. Tangu hapo, kabla ya kila mlio, tulimsikia mama huyo akipiga kelele:

“Kiboko, Baba Machage! Lenga kiboko!”