Mwethya Ulikuwa Haujaisha

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza fujo zake, mama yangu alikuwa akinigongea mlango kwa mpini wa ufagio. "Ndanu. Holi." Hakuongeza neno, wala hakunijulia hali. Mimi niliyeshona suruali kiwandani kule EPZ, Athi River, mpaka mgongo ukagoma, niliyerudi Machakos nikidhani nimekuja kupumzika, nilikuwa naamka, navaa sweta, namshika mkono, na tunateremka polepole kwenda kufagia nyumba isiyo yetu. Siwezi kudanganya kwamba nilifanya kwa moyo mkunjufu. Nilifanya kwa sababu vinginevyo angekwenda peke yake, na macho yake hayaoni mitaro.

Nyumba yenyewe ni ile holi ya mawe, ukumbi wa umma ulio nyuma ya soko. Ilijengwa mara baada ya uhuru, wakati mama, Nzembi, alikuwa bado bi harusi, na walioijenga ni wanawake. Sisi Wakamba tuna mwethya: watu hukusanyika kumfanyia mwenzao kazi, leo shamba lako, kesho nyumba yangu, na hakuna anayelipwa. Kundi la mama lilibeba mchanga kutoka mtoni kwa viondo, kamba zikiwakata vipaji vya uso, na mawe kutoka vilima vya Iveti, wakiimba, maana asiyeimba huanza kuukumbuka mgongo wake. Alama ya ile kamba mama anayo hadi leo. Ukimpaka mafuta kichwani kidole kinateleza humo.

Kundi lao lilikuwa na sheria moja. Kazi haiishi mpaka mwenye kazi awapikie uji, awape kwa mkono wake mwenyewe kwenye kibuyu, na aseme, "Ni muvea," yaani asanteni. Hapo ndipo mnaachiliwa. Kabla ya hapo, hata kama ukuta umesimama na mabati yamepigiliwa misumari, ninyi bado mko kazini.

Siku holi ilipofunguliwa alikuja mkubwa mmoja kutoka Nairobi, akakata utepe, akahutubia, akala mbuzi, akaondoka. Wanawake walikuwa nyuma wakichochea moto. Hakuna aliyewapa uji. Wengine walicheka wakaenda zao, lakini mama hakucheka. Kesho yake alirudi na ufagio, kwa sababu yeye alikuwa bado kazini na mwenye kazi hajaonekana.

Nimekua nikilijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Ndani ya holi ile watu wamejifunza kusoma, wamefunga ndoa, wamechangia mazishi, wamepiga kura, na mama amefagia baada ya wote. Wenzake wa mwethya walikufa mmoja mmoja, na kila tulipotoka kumzika mmoja alisema yale yale: "Huyu naye ameenda bila uji." Aliogopa kwenda hivyo, na hakuficha. Alisema mtu anayekufa katikati ya kazi hapati usingizi hata huko aendako. Akiyasema hayo mbele ya padre wetu, padre alikuwa akitazama viatu vyake.

Basi ikaja habari kwamba holi itakarabatiwa iwe kituo cha utamaduni. Mabati ya zamani yakashushwa, plasta ikabanduliwa mpaka mawe yakaonekana tena. Kutakuwa na maktaba, tukaambiwa, na jukwaa lenye taa, na chumba cha kurekodi muziki, na mgahawa. Uwanja ukazungushiwa uzio. Nikafurahi kimoyomoyo, nikajua nimepata likizo.

Likizo gani! Mama alisimama langoni asubuhi baada ya asubuhi akibishana na mlinzi, mpaka msimamizi wa mafundi, kijana wa Masii anayeitwa Masila, akachoka kuliko mimi. Akamletea kofia ya plastiki ya njano na vesti inayong'aa.

"Susu, wewe fagia hapa mlangoni pekee," akamwambia, akimwita bibi kwa Kikamba chetu. "Usiingie ndani, kuna mbao huko juu."

Mama akavaa kofia juu ya kitambaa chake, akamtazama. "Mwenye hii nyumba ni nani?"

"Mimi ni wa kusimamia tu, susu. Nyumba ni ya serikali."

"Serikali iko na mkono?"

"Mkono wa nini?"

"Wa kushika kibuyu."

Masila akanigeukia mimi. Nikainua mabega. Ni habari ndefu, na saa hiyo nilikuwa hata sijanywa chai.

Aliuliza kila aliyepita. Mkandarasi akamwelekeza kwa msanifu, msanifu akamwelekeza kwa afisa wa utamaduni. Huyo alikuwa Swabra, binti wa mzee Ramzi wa duka la vitambaa, ninakonunua uzi. Swabra ana adabu. Alimshika mama mikono yote miwili akasema, "Mama, nyumba ni yenu. Ni ya wananchi wote."

Tulikuwa tumekaribia nyumbani mama aliposimama. "Ni ya kila mtu," akasema. "Kumbe ndio maana hakuna aliyekuja."

Siku ile nilimhurumia kuliko nilivyokuwa nimechoka, na hilo si dogo. Nikarudi kwa Swabra peke yangu, nikamweleza habari ya uji tangu mwanzo. Hakucheka. Alisema siku ya ufunguzi mgeni wa heshima akishakata utepe, atampa mama kibuyu mbele ya watu wote na kumshukuru kwa niaba ya wenzake. Akaliingiza kwenye ratiba. Nilipomwambia mama, alitoa kibuyu chake cha zamani, na wiki nzima alikuwa akikisugua na kukianika juani.

Ufunguzi ukafika. Nilipika uji wa wimbi, nikautia kwenye thamosi, tukakaa kwenye hema la mbele, mama katika gauni lake la Pasaka. Holi ilikuwa imependeza, sitasema uongo. Mawe yalikuwa yameoshwa, madirisha mapya, sakafu inateleza kama sahani. Mama aliyatazama yale mawe muda mrefu. "Lile la pembeni ni la Mutheu," akasema. "Lilimponda kidole." Mutheu amekufa siku nyingi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mgeni wetu alikuja wakati jua limeshaanza kuinama, na alikuwa na mkutano mwingine mahali pengine. Alikata utepe, akazungumza maneno machache, akapigwa picha na wachezaji ngoma. Nilimwona Swabra akijipenyeza kati ya walinzi wake, mkono mmoja juu, akijaribu kumwambia. Walimsogeza kando kwa upole. Magari yakawashwa, yakaenda.

Swabra alikuja kwetu macho mekundu. "Mama, nisamehe."

"Si wewe, mwanangu," mama akasema. "Hata wa kwanza alikuwa na haraka."

Watu walipewa soda na sambusa. Mama alikataa, akasema aliye kazini hali vya wageni. Watu wakaondoka. Vijana wakaanza kukunja viti na kushusha hema, na yeye ameketi tu, mikono juu ya kibuyu kitupu. Nikamwambia twende, mara ya kwanza kwa upole, ya pili bila upole. Hakuinuka. Mgongo wangu ulikuwa unawaka moto. Nilimkasirikia yule mgeni, nilimkasirikia yule wa zamani aliyekula mbuzi, na, Mungu anisamehe, nilimkasirikia mama pia, kwa kuwa mtu wa kushika neno katika mji ambao kila mtu ameshalisahau.

Nikampokonya kibuyu. Nikafungua thamosi, nikamimina uji, vuguvugu na wenye utando juu, nikapiga magoti pale chini nikampa kwa mikono miwili.

"Haya. Ni muvea, mwaitu, mama yangu. Ni muvea kwako na kwa wote waliotangulia. Kazi imeisha. Sasa twende nyumbani."

Alinitazama. "Unajua unasema nini, Ndanu?"

"Najua."

Sikujua. Nilitaka kulala. Lakini alikunywa uji wote bila kupumzika, akafuta mdomo, akainuka mwenyewe bila kushikwa. Njiani alilia kidogo, na mimi nikalia pia, hasira zimeniishia.

Asubuhi iliyofuata hakunigongea. Niliamka jua limeshaingia dirishani, nikakimbilia chumbani kwake nikidhani amekufa. Alikuwa anakoroma. Nikarudi kitandani nikalala usingizi ambao sijaulala tangu niache kazi ya kiwanda, na kwa siku kadhaa nikawa mtu mwenye raha kuliko wote Machakos.

Kisha nikaanza kuogopa. Mama alikuwa anaamka, anakunywa chai, anakaa uani kidogo, anarudi kulala. Haumwi popote, alisema. Hakuuliza habari za holi. Miaka yote nimemwombea apumzike, na sasa nikimtazama akipumzika naona kama mtu anayefunga mizigo. Nilijuta kile kibuyu. Nilifikiri, labda ile kazi ndiyo iliyokuwa imemshikilia, na mimi kwa uvivu wangu nimeikata.

Nikaenda holini peke yangu. Wameajiri mtu wa kufagia, lakini anafagia ndani tu, kwenye vigae. Mlangoni palikuwa na majani makavu, vumbi, na makaratasi ya keki. Nikarudi mbio, nimepata dawa.

"Mwaitu," nikasema, nikikaa ukingoni mwa kitanda chake, "mlangoni kumejaa takataka. Naona kazi bado."

Alifungua jicho moja. "Yangu imeisha. Nilikunywa uji."

"Sasa nani atafagia?"

"Uji ulipewa na nani?"

"Na mimi."

"Na anayetoa uji kwa mwethya ni nani?"

Nilijua jibu, ndiyo maana sikulitoa haraka. "Mwenye kazi," nikasema mwishowe.

"Haya. Sisi tulikuwa wa kukusaidia tu." Akavuta blanketi hadi shingoni. "Mwenye nyumba unakuja kuniuliza mimi nani atafagia mlango wako? Nenda mapema, kabla upepo haujaanza. Na ukirudi unipikie nyama, nimechoka na hii chai."

Akageukia ukutani, na haikupita muda akaanza kukoroma. Nikabaki nimekaa pale, nimechoka, mwenye holi.