Mwili wa Soja wa Mnara

Kwa miaka kumi na minne Maroa alikuwa amelinda mnara wa simu nyuma ya soko la mifugo la Ogwedhi, na hakuna mwili uliochunguzwa na majirani kama wake. Walikuwa wameshakata shauri: ikiwa mnara huleta ugonjwa, utaanza na huyu anayelala chini yake.

"Mzee Maroa, kohoa tusikie!" Cliff, dalali wa ng'ombe, humtania kila siku ya soko.

"Nikikohoa utahama na hao ng'ombe wako wa mifupa?"

"Tutakuzika kwanza. Halafu tuuchome mnara, tuhame."

Watu hucheka, ila macho yao hubaki kifuani pake.

Yeye aliupenda mnara. Kila asubuhi aliweka kiganja kwenye chuma baridi akawaza: msiba wa Rongo, mahari inayojadiliwa Kehancha, mtoto aliyezaliwa Homa Bay, habari zote hizo zinapita hapa, pengine katikati ya mbavu zangu, nami sisikii hata mnong'ono. Mwili ulimsisimka. Alivua kofia, kama kanisani, akitazama kwanza kama kuna mtu anayemwona.

Kisha kichwa kikaanza kumgonga na ardhi kuinama. Alificha, mpaka mkewe Pauline alipomkuta ameng'ang'ania uzio.

"Baba Mourine, umekunywa?"

"Sijakunywa."

"Basi twende zahanati."

"Wakiniona huko watauchoma."

"Wauchome. Mimi sikuolewa na chuma."

Njiani Maroa hakuwaza moto. Aliwaza kwamba huenda kitu alichokivulia kofia kimekuwa kikimla.

Daktari Lorine alimfunga kitambaa mkononi, akapima mara mbili. Presha, tena ya juu mno.

"Ni mnara?" Maroa aliuliza.

Lorine hakucheka. "Mzee, presha iko hata kwa watu wasiowahi kuona mnara. Mawimbi yake hurushwa mbali kutoka juu. Yakifika chini ni hafifu. Utafiti wa mpaka sasa haujaonyesha kwamba yanaleta ugonjwa, ingawa bado wanachunguza. Chumvi unakula?"

"Huongeza kabla hajaonja," Pauline akamjibia.

Maroa aliutazama mkono wake kwa mshangao. Miaka yote alikuwa akitegea chuma sikio, na humu ndani damu ilikuwa ikisukumana kwa nguvu ya kuua, kimya vilevile.

Siku ya soko alisimama kwenye lango la mnara akawaambia watu yote: kizunguzungu, presha, vidonge. Wengine waliguna, mmoja alisema amehongwa na kampuni ya simu. Watu walipotawanyika Cliff alisogea akimvuta ng'ombe mmoja, mtamba, akajisugua kisogo.

"Mzee, hicho kitambaa cha mkononi kinauma?"

"Kinabana tu."

Cliff alimkabidhi kamba ya mtamba wake, akashika njia ya zahanati.