Sahani Zinahesabika

Kompyuta ilisema Nuu hakuna njaa. Mama yangu aliishi Nuu, na wiki hiyo alikuwa amenitumia ujumbe kwamba wanachemsha mboga za mwituni bila unga. Nilikaa mbele ya ile kompyuta, ya pekee katika ofisi yetu ya Kitui mjini, damu ikinichemka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, ukame umekaza. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kujumlisha majibu ya familia zilizohojiwa, ili mkubwa wetu ajue malori ya mahindi yaende wapi. Programu ilifika mwisho bila kukwama. Ila katikati ilitoa onyo: baadhi ya mistari imerukwa.

"Hiyo ni onyo tu, si makosa," alisema mkubwa, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuhubiri. "Mwiitu, binti yangu, print hiyo kitu. Lori inangoja, na saa nane stima inapotea."

"Mzee, nipe muda kidogo."

"Kidogo gani? Zombe ndio ya kwanza kwa orodha, na watu wanangoja!"

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikajiambia. Niliendesha programu hatua kwa hatua, kila mara nikiiamuru inionyeshe familia zilizobaki. Mwanzoni Nuu walikuwepo. Tulipofika mahali pa kugawanya chakula cha nyumba kwa idadi ya watoto, karibu wote wakatoweka. Walibaki wenye maduka tu, watu waliotoka mbali kuja kufanya biashara, na hao walikuwa wameshiba.

Nikafungua karatasi za mahojiano. Penye idadi ya watoto paliandikwa "Wako" au "Mungu amesaidia." Mama wa kwetu hamhesabii mgeni watoto wake; ni kama kuita kifo nyumbani. Mpiga chapa wetu, alipoingiza majibu kwenye kompyuta, kwa kukosa namba aliweka nukta, na programu ikatupa nje kila nyumba yenye nukta.

Lakini chini yake kulikuwa na swali la sahani zinazopakuliwa jioni, na hilo walilijibu wote bila wasiwasi. Nikabadilisha mstari mmoja, chakula kigawanywe kwa sahani badala ya watoto, nikaendesha upya. Onyo halikurudi. Nuu ikapanda juu kabisa kwenye orodha ya njaa.

Mkubwa akakataa. "Huwezi badilisha swali ya serikali juu ya ushirikina! Mtu ameokoka anaogopa aje kuhesabu watoto?"

Hasira ikanipanda, adabu ikanitoka. "Mzee, wewe una watoto wangapi?"

Nje dereva alikuwa akipiga honi.

"Wako," akasema polepole.

"Na jioni mnapakua sahani ngapi?"

"Tisa," akajibu papo hapo.

Hakunitazama. Alichukua kalamu, akaandika Nuu kwenye karatasi ya dereva, na mimi nikatoka nje haraka asinione nikilia.